Sura ya Saba: Si Kila Kebo Inayoingia

Inspekta aliisoma taarifa ya maabara mara tatu, na kila mara alikutana na saini yake mwenyewe chini ya karatasi, imenyooka, haina kigugumizi. Taarifa yenyewe ilikuwa na sentensi nne. Simu ya vitufe, skrini imevunjika. Imeunganishwa na kompyuta kwa kebo. Ilipochomekwa, taa iliwaka na betri ikaanza kuchaji. Haina ujumbe wala kumbukumbu yoyote.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyomrudisha maabara saa mbili na nusu asubuhi, wafagiaji wakiwa bado hawajamaliza korido. Mtu anayetaja betri katika taarifa ya ujumbe ameona kitu, ila hajui kwamba amekiona.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Kituo kizima kilimwita Msomi kwa sababu ya vyeti vitano alivyovitundika ukutani, kimoja kikiwa cha kuogelea.

"Nionyeshe ulivyofanya," Inspekta alisema.

"Si nimeandika, afande?"

"Umeandika ulichoona. Nataka ulichofanya. Kwa kebo ile ile."

Msomi akavuta droo, akatoa kebo nyeusi, akaiweka mezani. Inspekta hakuigusa kwanza. Alitazama saa ya ukutani. Saa nane mchana hakimu angefunga kupokea ushahidi katika kesi ya fundi lifti, na hakimu yule hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuibeba. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, lifti ya mizigo ya ghala la samani ilikatika ghorofa ya tatu ikashuka kama jiwe, na mpagazi aliyekuwa ndani akafa. Fundi wa lifti, ambaye Jumamosi ile ilikuwa siku yake ya mapumziko, alikamatwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Yeye alisema: nilimwandikia Meneja Alhamisi, nikamwambia kamba imeoza, na akanijibu. Meneja alisema: aliniandikia, ndiyo, akaomba ruhusa, nikamjibu sawa, chukua siku mbili. Simu ya Meneja, kwa maelezo yake, iliibiwa siku chache baada ya ajali. Kampuni ya simu ilileta orodha: Alhamisi, saa nne na dakika arobaini na nne asubuhi, ujumbe mmoja kutoka kwa fundi kwenda kwa Meneja, na dakika tatu baadaye ujumbe mmoja kutoka kwa Meneja kwenda kwa fundi. Saa zilikuwepo mpaka sekunde. Maneno hayakuwepo, kwa kuwa kampuni huhifadhi saa, haihifadhi maneno. Laini ya fundi ilisomwa ikakutwa na namba za watu tu. Ilibaki simu yake ya vitufe, iliyopondwa skrini siku ya ajali, alipokimbilia ghalani kuinua mabati ya lifti kwa mikono.

Inspekta akaichukua kebo, akaisogeza dirishani, akatoa kioo cha kukuzia mfukoni. Alitazama mdomo wa kebo muda mrefu kuliko Msomi alivyoweza kuvumilia.

"Kuna kasoro, afande?"

"Hesabu nafasi za pini."

Msomi akainama. "Kumi na nne."

"Zenye shaba?"

Akahesabu. Akarudia kuhesabu, kama mtu anayetumaini namba itamhurumia. "Mbili."

"Hizo mbili zinapitisha nini?"

"Umeme."

"Na maneno yapite wapi?"

Nje, mfagiaji alikuwa akigonga ndoo ukutani.

"Uliichaji simu, mdogo wangu. Hukuisoma."

"Lakini iliingia, afande! Iliingia vizuri kabisa, bila kulazimisha."

"Hata mguu wa kushoto huingia kwenye kiatu cha kulia. Mwendo ndio unaosema." Akaifunga kebo kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe juu yake. "Nami nikatia saini bila kukagua kebo. Ile mashine yenu mpya haiisomi simu hii?"

"Inasoma simu elfu nne, lakini hii haimo. Ni ya zamani mno." Msomi akajikuna shingo. "Yupo mama mmoja. Chini ya ngazi, jengo la maduka ya vitambaa. Wanamwita Bi Soketi. Mimi… tulikosana."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia biashara yake ni jumba la makumbusho."

"Chukua koti," Inspekta alisema. "Utaomba radhi njiani kwa sauti ya chini, ukifika uwe umeshazoea."

*

Duka la Bi Soketi lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa misumari, na kila msumari ulikuwa na kebo moja iliyokunjwa kwa kamba, yenye kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa wino mweusi. Hakuna kebo iliyogusa nyingine. Mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na ushei mwenye miwani miwili, moja machoni na nyingine kichwani, alikuwa akipuliza vumbi kwenye soketi ya simu.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba. Naona umemleta msomi wako. Amekuja kununua tiketi ya makumbusho?"

Msomi akaomba ile radhi aliyoifanyia mazoezi. Bi Soketi akaisikiliza mpaka mwisho, akaipima, akaipokea kwa kuinamisha kichwa.

"Haya. Mnataka nini?"

"Kebo ya data," Msomi alisema. "Ya simu ya vitufe, ile ya bluu."

"Ukienda hospitali, baba, unamwambia daktari naumwa mwili?"

Inspekta akacheka kidogo, akavaa glavu, akaitoa simu kwenye mfuko wa ushahidi. Kabla hajaikabidhi alifungua daftari. "Mama, utakachofanya hapa kitasomwa mahakamani. Wakili atauliza wewe ni nani hata uiguse simu hii."

Bi Soketi akashusha miwani ya kichwani, akabaki na miwili machoni. "Mwambie miaka ishirini na saba kwenye chumba cha mitambo ya simu, kumi na tisa kati ya hiyo nikiwa msimamizi wa zamu. Mwambie nilistaafu bila barua hata moja ya onyo. Umeandika? Andika na hiyo ya onyo."

"Nimeandika."

"Basi lete mgonjwa."

Aligeuza simu, akafungua mgongo, akatoa betri. Chini yake palikuwa na kibandiko cheupe. "Namba ya usoni ni jina la kuitwa mtaani," alisema. "Hii ya chini ya betri ndiyo ya kwenye cheti. Tazama herufi ya mwisho. Kuna dada yake anayefanana naye kama shilingi na shilingi, ila herufi ya mwisho ni nyingine, na ndani ni mtu tofauti kabisa."

Akaangua kebo mbili ukutani, akaziweka sambamba. Inspekta alizikagua kwa kioo chake. Midomo ilikuwa sawa, nafasi kumi na nne, shaba kila mahali. Tofauti ilikuwa upande wa kompyuta: moja ilikuwa na kifundo kinene, nyingine ilikuwa nyembamba mwanzo mpaka mwisho.

"Usiniambie," Inspekta alisema. "Hii nyembamba ni ya dada mtu. Simu yake inaelewana na kompyuta moja kwa moja. Hii yetu ni ya zamani zaidi, haijui lugha ya kompyuta, kwa hiyo inahitaji mkalimani. Mkalimani yumo kwenye kifundo."

Bi Soketi akamtazama juu ya miwani yote miwili. "Polisi wamekupata wapi wewe?"

"Mama alinizaa na kioo cha kukuzia."

Msomi alikuwa amekwisha fungua kompyuta yake ya mapajani, mpya, nyembamba kama sahani. Alitaka kulipa deni la fedheha, na mwenye haraka ya kusafisha jina huwa na mikono mepesi. Alirudisha betri, akaiwasha simu, akachukua kebo ya kifundo, akachomeka upande huu, akachomeka upande ule. Programu ya kiwanda cha simu ile ikafunguka. Ikafikiri. Kisha dirisha likajitokeza katikati ya skrini: *Simu yako imetambuliwa. Inatumia toleo la zamani. Sasisha sasa?*

"Imetambua!" Msomi akasema, na kidole kikaenda kwenye kitufe.

Inspekta alimdaka kifundo cha mkono. Hakupiga kelele, alikishika tu, kama mtu anayezuia kikombe kisianguke.

"Kusasisha ni kufanya nini, mama?"

Bi Soketi alikuwa amekwisha chomoa kebo na kuitoa tena betri. "Ni kubomoa nyumba ili upake rangi. Inaandika upya kila kilichomo. Ujumbe, majina, vyote kwaheri. Na hiyo programu yako, baba, ni mpya mno. Simu hii imeidhania kuwa ni dada yake. Ungeipa damu ya mtu mwingine."

Msomi akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima.

"Sekunde moja zaidi," Inspekta alisema, akiachia kifundo cha mkono, "na taarifa yetu ya kwanza ingekuwa kweli. Sasa ni saa nne na nusu. Mama, tufuate utaratibu wako."

Utaratibu wa Bi Soketi ulikaa chini ya meza, umefunikwa kwa shuka: kompyuta ya zamani, rangi ya meno ya mvuta tumbaku, ambayo haikuwahi kuunganishwa na mtandao tangu izaliwe. Kwenye bati la biskuti alikuwa na diski za programu, kila moja na mwaka wake. Akatoa tatu.

"Hii ya mwisho imewasahau wazee. Hii ya kwanza haijawajua wadogo. Itaijua namba, haitaijua herufi. Hii ya kati ndiyo ilitoka mwaka mmoja na simu yenu." Akaipangusa kwa kitambaa cha miwani, akaisukuma ndani. "Na programu kwanza, kebo baadaye. Sikiliza vizuri, msomi, hili halipo kwenye cheti. Ukianza na kebo, kompyuta itajitungia jibu. Na kompyuta ikishajitungia jibu, ni mbishi kuliko mume."

Mashine ilikoroma. Ilichukua dakika arobaini kumeza diski, ikaomba kuzimwa na kuwashwa, ikazimwa, ikawashwa. Inspekta alisimama wakati wote huo, akiandika kila hatua na saa yake: namba ya kibandiko, namba ya kebo, mwaka wa programu. Msomi alikwenda kuleta chai, akarudi, hakuna aliyeinywa. Saa tano na robo Bi Soketi akarudisha betri, akaiwasha simu. Skrini ilibaki giza, lakini vitufe vikawaka kijani.

"Simu za siku hizi ukizichomeka zinakuuliza, je, wamwamini mgeni huyu?" alisema. "Na kama skrini imekufa, utabonyeza wapi? Hizi za zamani hazikulelewa na wasiwasi."

Akachomeka kebo. Katika kona ya skrini picha ndogo ya simu, iliyokuwa ya kijivu, ikawa na rangi. Chini yake ikaandikwa namba ile ile ya kibandiko, na herufi ile ile ya mwisho.

"Ndiyo yeye," Bi Soketi akasema, na kwa mara ya kwanza akaketi.

Ujumbe ulikuwa arobaini na mmoja. Mwingi ulikuwa wa mke: leta unga, mtoto ana homa, umesahau ufunguo. Inspekta alipita haraka, bila kusoma yasiyomhusu, mpaka akaiona namba ya Meneja kwenye kundi la ujumbe uliotumwa. Mmoja tu.

*Bosi kamba ya tatu lifti ya mizigo imekatika nyuzi 11. Nimefunga kwa kufuli. Asipande mtu.*

"Yesu na Maria," Msomi alinong'ona, kisha macho yake yakashuka kwenye tarehe, na uso ukaporomoka. "Afande. Tumekwisha."

Tarehe ilisema mwezi wa kwanza, siku ya kwanza, miaka mingi nyuma, mwaka ambao ghala lenyewe lilikuwa halijajengwa.

"Wakili wao atacheka mpaka akae chini," Msomi alisema. "Atasema tumeutunga."

Inspekta alikuwa na desturi ya kuliuliza jambo lilitoka wapi kabla ya kuliuliza lina maana gani. "Mama, ujumbe unaotumwa hupata wapi saa yake?"

"Kwenye saa ya simu yenyewe."

"Na betri ikitolewa?"

"Saa inarudi siku ya kuzaliwa. Watu wa kazi kama huyu hutoa betri kila siku, ikipata vumbi, ikipata grisi. Hawahangaiki kurekebisha."

"Na ujumbe unaoingia?"

Bi Soketi akatabasamu polepole, tabasamu la mtu aliyekutana na mwenzake wa fani. "Unakuja na saa yake. Mtandao ndio unaoupiga muhuri. Simu haina ubavu wa kuubadilisha."

"Basi tufungue ulioingia."

Ulikuwepo. Kutoka namba ya Meneja, Alhamisi ya wiki ile ile, mwaka huu, 10:47:18.

*Kufuli nitalikata. Mzigo wa mteja unashuka Jumamosi. Kazi yako kupaka grisi si kunifundisha biashara.*

Inspekta akaitoa karatasi ya kampuni ya simu kwenye jalada, akailaza kando ya skrini, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. 10:47:18. Alisogeza kidole kutoka karatasi kwenda skrini, kutoka skrini kwenda karatasi.

"Sekunde kwa sekunde," alisema. "Na jibu linataja kufuli. Hakuna anayejibu habari za kufuli bila kuambiwa habari za kufuli. Kampuni inasema fundi alimtumia Meneja ujumbe mmoja tu wiki nzima. Simu ina mmoja tu. Ule wenye tarehe ya uongo unashikwa mkono na huu wenye tarehe ya kweli."

Printa ya Bi Soketi ilitoa kurasa kwa kelele za mashine ya kushona. Kila ukurasa Inspekta alitia saini, Msomi akatia, na Bi Soketi akatia jina lake kamili na cheo alichostaafu nacho, kwa mwandiko wa shule za zamani, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo.

*

Kwenye korido ya mahakama, saa saba na nusu, Inspekta aliandika ukurasa wa mwisho akiwa ameliweka jalada gotini. *Taarifa ya kwanza ya maabara ilikuwa na kosa. Kebo iliyotumika ilikuwa ya kuchaji, haikuwa ya data. Kosa ni la aliyesoma na la aliyekagua.*

Msomi alisoma juu ya bega lake. "Niandike mimi peke yangu, afande. Wewe utapoteza cheo."

"Saini zilikuwa mbili."

"Watakusema."

"Wakiwa sahihi, waniseme. Kosa langu nalisema mwenyewe, simwachii wakili alifanyie karamu."

Meneja alikuwa akija, kiatu kimepigwa rangi, wakili wake hatua mbili nyuma akiongea na simu. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza ili wengine wafuate.

"Inspekta! Bado unahangaika na ile maiti ya simu?"

"Nahangaika na maneno tu, bwana. Alhamisi ile, fundi alipokuandikia, ulimjibu nini?"

"Si nimeshasema? Sawa, chukua siku mbili."

"Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo. Nina kumbukumbu nzuri."

"Kufuli hukulitaja?"

"Kufuli gani?"

Wakili akakata simu yake, akamshika kiwiko, lakini sentensi ilikuwa imekwisha toka na Inspekta amekwisha iandika, na saa yake pembeni.

Kilichofuata ndani kilichukua dakika ishirini na sita. Wakili alifika kwenye tarehe ya uongo, akacheka kama Msomi alivyotabiri, na Bi Soketi, aliyevaa kitenge kipya na miwani moja tu, akamweleza habari ya saa inayotoka kwenye simu na saa inayotoka kwenye mtandao, taratibu, kama anayemfundisha mtu kufunga kamba za viatu. Wakili hakucheka tena. Hakimu aliomba karatasi zote mbili, akazilaza sambamba, akaweka kidole. Mwendesha mashtaka akasimama, akaomba kuondoa shtaka dhidi ya fundi. Meneja alipotazama mlangoni, askari wawili walikuwa wamekwisha simama pale.

Fundi lifti alishuka kizimbani akiwa ameshika suruali kwa mkono, kwa kuwa mahabusu humnyang'anya mtu mkanda. Mkewe alikuwa amekuja nao. Alimvalisha palepale koridoni, akaukaza tundu mbili zaidi ya zamani. Kisha fundi akamgeukia Inspekta. Alikuwa mtu mfupi, mikono mikubwa.

"Lifti imefungwa?"

"Imefungwa. Kuna kampuni imepewa kazi. Leo wanabadilisha ile kamba ya tatu."

"Ya tatu peke yake?"

"Ndivyo mkataba unavyosema."

Fundi akasimama wima. "Kamba za lifti hazibadilishwi moja moja, afande. Zipo sita, zinatoka sita, zinaingia sita. Ya tatu ilipokatika, iliziangusha nyingine kwenye gurudumu, lifti ikaporomoka. Mpya ukiifunga na kuukuu hazivuti sawa. Moja inabeba, nyingine zinasindikiza. Wataua tena." Akaanza kutembea. "Nipelekeni ghalani."

"Ghalani!" mkewe akasema. "Wiki tatu hujaonja maji ya moto mwilini, watoto wamekaa dirishani tangu asubuhi, wewe ghalani?"

"Mke wangu, wanabadilisha moja."

Alimtazama mumewe, akatazama ule mkanda, akashusha pumzi.

"Haya, twende. Lakini nami nitasimama pale pale chini, nihesabu kamba mwenyewe. Sita."